Dumu la Tatu

Rejeta hii imechomelewa mara tatu, Bi Somoe,
na mara tatu umelipa,
na bado kila asubuhi unakuja na dumu
la maji ya kununua, hapa Newala
ambapo mtu huoga kwa kopo moja na akashukuru.
Lori linakunywa kuliko wanao.

Nimelala chini yake tangu alfajiri.
Vumbi jekundu, kavu. Hosi, kavu.
Kitundu cha pampu ya maji, kile kinacholia ikichoka,
nimekigusa kwa kidole: kavu.
Fundi wa Kitangari alikwambia maji yanakaushwa na jua.
Jua la wapi hilo, la kukausha lita kumi
kwa safari ya Tandahimba na kurudi?

Maji hayapotei. Alinifundisha hilo Fulgensi Chilamba,
kule gereji ya Ndanda, mwenye vidole saba
na hasira za watu wawili:
“Usipoyaona chini, tafuta yalikoingia.”

Nikafungua mfuniko injini ikiwa ya baridi,
nikamwambia Twaha apige stata.
Nikangoja mapovu.
Mapovu yangesema ni gasketi,
moto umepata upenyo wa kupulizia majini.
Maji yakatulia kama chai iliyosahauliwa.
Nikaenda nyuma, nikanusa moshi:
mweusi wa uzee tu, si ule mweupe mzito
wa maji yanayochemkia juu ya pistoni.
Moyo ukashuka. Ningeipenda gasketi.
Gasketi ina bei, mtu anaweza kuitamka.

Nikachomoa kijiti cha oili.
Ulikuwa unahesabu magunia ya korosho,
hukuniona nikikifuta, nikikirudisha, nikikichomoa tena.
Oili imepanda juu ya alama,
na injini ya miaka hii haizai oili.
Rangi yake: uji wa ulezi uliotiwa maziwa.

Hapo ndipo nikaomba dumu jingine.
La tatu kwa siku moja.
Ukanitazama kama niliyekuja kuposa mikono mitupu,
kisha ukalileta mwenyewe, kichwani, bila neno.

Nikashusha sampu, uji ukateremka kwenye beseni.
Nikajaza maji yako mpaka shingoni mwa rejeta.
Chini nikatandika gazeti, kurasa za matangazo ya mnada,
nikachora kwa kalamu vyumba sita,
kila silinda na chumba chake.
Twaha akaenda kulala. Mimi nikabaki na tochi
na baridi ya Newala inayoingia kwenye magoti.

Saa saba hivi, tone.
Nikadhani ni oili iliyosalia.
Tone.
Chumba cha tano. Herufi za mnada zikaanza kuvimba.

Nikapeleka kidole ndani ya laina: kavu, laini, salama.
Nikakipeleka nje, kwenye kiuno chake: maji.
Basi chuma hakikutoboka. Ni oringi,
kipete cha mpira, hakizidi bangili ya mtoto kwa unene,
kimekakamaa, kimeacha kushika.

Ungeamka ningekwambia hivyo tu, na ingetosha.
Lakini pembeni ya laina ile niliona gundi ya kijani.
Hakuna anayetumia gundi ya kijani Newala nzima.
Nilikuwa nayo mimi, kopo moja, nilitoka nayo Ndanda
mwaka nilioifungua injini hii kwa marehemu mumeo.
Oringi zilikuja tano. Duka lilikuwa Mtwara,
mvua imekata barabara, naye ana haraka ya msimu.
Ya tano nikairudisha ileile ya zamani,
nikaipaka sabuni iteleze, nikaipaka gundi isiseme.
Ilinyamaza miaka minane.

Kumekucha. Unakuja, dumu tupu mkononi,
unainama kuangalia gazeti lililolowa,
unauliza, si kwa ubaya, unauliza tu:
“Hii nani aliifungua mara ya mwisho?”

Nimeshika spana namba kumi na saba.
Nahesabu madumu.