Nilishika Pazia

Kiswahili cha Kusumben kilibaki Kisumu, jikoni:
lete, funga, ngoja, osha tena.
Miaka hamsini ya Lesta haikukiongezea neno.
Mimi humpima presha, humvisha soksi za kubana miguu,
na siku nyingine tunanuniana hadi saa ya chai.

Leo kaniwahi mlangoni: "Wewe leo hapana enda. Shika."
Nishike nini? Akanipa foronya nyeupe,
imepigwa pasi, pembe zake zimepakwa manjano.

Uani, katikati ya mapipa ya taka,
miwa minne imesimamishwa kwa kamba ya kuanikia,
vichwa vimefungwa pamoja,
inayumba kila upepo unapotoka upande wa reli.
Na chini yake, ndani ya chungu cha plastiki,
bibi harusi.

Mrehani.
Si ule wetu wa Tanga wa kutia kwenye kikuba,
lakini ni ndugu; sugua jani, pua haidanganyiki.
Novemba imemla. Majani kumi na moja, nimeyahesabu,
shina kama mswaki uliotafunwa,
na bado kavishwa kijisari chekundu,
bangili za kioo zimerundikwa shingoni,
maana mikono hana.

Bwana harusi katoka mfukoni mwa Nimesh:
jiwe jeusi, laini kama kokwa ya zambarau.
"Huyu Vishnu," akasema, akilifuta kwa mkono wa koti.
Alimhadaa mwanamke mwema, akamjia kwa sura ya mumewe.
Mwanamke akamlaani: moyo wako jiwe, basi uwe jiwe.
Akawa. Naye mwanamke akateketea,
majivu yake yakaota mmea.
Na kila mwaka wanaozwa.

Nikauliza: na yeye bibi, aliulizwa?
Nimesh akacheka.
Mama yake hakucheka.

Mjane hatoi bibi harusi, walisema mawifi wa Wembley
asubuhi, mmoja baada ya mwingine.
Kusumben kaizima simu, kaitia kwenye droo ya vijiko.

Basi tukasimama. Ncha hii mimi, ncha ile Nimesh,
foronya kati ya jiwe na mmea, wasionane kwanza.
Kusumben akasoma kijitabu kilichochanika mgongo,
manyunyu yakimtia vipele kwenye miwani.
Mikono ikanitetemeka. Baridi tu, nilijiambia.
Harusi ya mwanangu niliiona kwenye simu, mwezi wa tano,
chumba cha mapumziko, mguu mmoja kwenye kiatu;
picha ikaganda kwenye kidevu cha bwana harusi
na mpaka leo ndicho ninachomjua nacho.

"Shusha."
Tukashusha.
Jiwe likaliona jani. Au jani ndilo lililotangulia.

Kisha kimya. Nimesh anatazama saa.
Harusi bila sauti? Aibu gani hii?
Ulimi ukajiamulia wenyewe:
kigelegele kikanitoka, kirefu, cha Chumbageni,
kikaruka ukuta, kikawasha taa mbili za majirani,
mbwa akajibu, dirisha likafunguliwa,
mzee mmoja akauliza kama kuna aliyeumia.
"Harusi!" Nimesh akampigia kelele.
"Heri," akasema yule mzee, akafunga.

Kusumben akaugusa mmea.
"Hii jina yake nini, Kiswahili?"
Nikadhani anataka mrehani. Akatikisa kichwa,
akavuta ncha ya kijisari.
Bibi harusi, nikamwambia.
Jikoni kwake halikuwahi kutumika.
Akalisema mara mbili, taratibu, kwa midomo ya baridi,
kama anayeonja mchuzi wa mtu mwingine.

Miwa Nimesh aliikata kwa msumeno.
Basi la saa mbili kasoro ishirini nililikosa.
Kesho yake, kwenye mlango wa kazini,
pingili imenivujia mfukoni,
na kitambulisho kinagoma kutoka:
uso wangu wote unanata.