Mstari wa Tisa

Saa mbili asubuhi, Dakota ya Kaskazini.
Theluji imefika kwenye kingo za dirisha
na mimi nimefika chumba cha kumi na nne,
si kwa miguu, kwa faili.
Kazi yangu ni kuwapa wazee namba.

I10, presha. Hiyo wanayo karibu wote,
naiandika kama mtu anayepiga chafya.
E11.9, kisukari kilichotulia.
F03.90, akili iliyopotea njia bila kufanya fujo;
ikifanya fujo namba hubadilika,
na siku Verlyn alipomrushia muuguzi kikombe
ilinibidi nirudi nikaibadilishe.
Z91.81, aliwahi kuanguka.
Nani hajawahi?

Leo ni Ardis Haugen, miaka tisini na mmoja,
aliyelima viazisukari na mumewe
tangu wakiwa na farasi hadi trekta la tatu.
Ankara yake imerudi.
Daktari aliandika M62.81, udhaifu wa misuli,
na bima imejibu kwa ufupi:
hiyo ni dalili. Leteni sababu.
Mkurugenzi amesimama mlangoni na kahawa yake.
"Siku kumi na nane, Corliss,
na hatujaona hata senti."

Basi nachimbua.
Mizani kwanza: Oktoba, kilo hamsini na nane.
Desemba, hamsini na tatu. Januari, arobaini na tisa.
Kisha maandishi ya Jolene, muuguzi wa usiku,
mwandiko umelalia upande mmoja kama nyasi za uwandani:
*Amekataa chakula. Ameomba sahani yake
ipelekwe kitanda cha pili.*
Kitanda cha pili kilikuwa cha Verlyn.
Verlyn alikufa tarehe tatu Novemba.
*Nimemweleza tena. Amesema anajua.
Amesema ipelekwe hivyo hivyo.*

Nafungua kitabu cha misimbo.
Kupungua uzito kusiko kwa kawaida: R63.4.
Kufiwa na mtu wa familia: Z63.4.
Navua miwani, naifuta, naivaa.
Sitini na tatu, nukta, nne.
Sitini na tatu, nukta, nne.
Waliokipanga kitabu hawakukusudia, najua.
R iko kwenye sura yake,
Z iko mwisho kabisa, karibu na jalada,
pamoja na upweke na wasio na pa kulala.
Napiga simu. Kijana wa bima ana mafua.
"Huzuni haina kundi la malipo, bibi,"
anasema, na anapenga kamasi, na anaomba radhi
sijui kwa lipi kati ya hayo mawili.

Saa tano naipata: nyonga ya kushoto,
ufa mwembamba, picha ya mwisho wa Desemba,
nyuma ya ukurasa ambao daktari hakuugeuza.
Alianguka usiku kati ya vitanda viwili.
Hatua nne. Sahani mkononi.
S72 inalipa. Mfupa una bei.

Naiweka mstari wa kwanza.
Chini yake presha, kisukari, na wenzao.
Wa nane, R63.4.
Wa tisa, Z63.4, isiyoleta kitu,
ambayo hakuna atakayeshuka hadi huko kuisoma.
"Imeenda?" anauliza mkurugenzi.
"Imeenda."

Mchana nakwenda kumi na nne, safari hii kwa miguu.
Kitanda cha pili kina mgeni tangu Jumanne,
Orpha Lindquist, mnene, kiziwi wa sikio moja,
na runinga yake inapiga kelele.
Trei ya Ardis iko mapajani mwa Orpha.
Hakuuliza ni ya nani. Anakula wali wa maziwa
kwa kijiko kikubwa, anakwangua mpaka pembeni,
na Ardis, aliyegeukia ukuta wiki nzima,
amegeuka, anamtazama anavyotafuna.

"Yeye," ananiambia, "hakupenda mdalasini."