Waliohudhuria

Alhamisi ya kwanza ya Julai, saa kumi na moja jioni,
ukumbi wa Gongoni, Tabora.
Napanga viti thelathini vya plastiki
nikijua watakalia ishirini.
Shuka la mke wa mweka hazina
nimelibana ukutani kwa vibanio vya nguo:
ndilo pazia letu la picha.
Lina doa la chai, chini, upande wa kulia,
na kila mhadhara hupitiwa na doa hilo.
Februari lilikuwa kisiwa.
Machi lilikuwa ugonjwa wa mapafu.

Mimi ni katibu. Kazi yangu daftari.
Ukurasa nimeugawa kwa rula:
kushoto waliokuja kwa miguu,
kulia waliokuja kwa bando.

Kushoto: Mwalimu Kapela, karibu na mlango,
ili akitoroka asionekane.
Bi Nyamizi wa Ng'ambo, karanga ndani ya pindo la khanga.
Vijana wa uuguzi, waliofuata chai ya bure
wakanaswa na somo.
Kulia: Shija, yuko Mpanda,
anasikiliza huku akipima mchele dukani.
Na mtu aitwaye Tecno Spark,
hatumjui, hajawahi kukosa.

Mhadhiri ni Dokta Sikujua Mlekwa, mtu wa nyuki.
"Leo," akasema, "namna kundi linavyochagua nyumba."
Wapelelezi hutoka, huyu huku, yule kule,
hurudi na kucheza walichokiona.
Aliyeona tundu jema hucheza, hucheza, hucheza.
Aliyeona ovyo hucheza kidogo, akaacha.
"Malkia haamui?" akauliza Kapela.
"Haamui. Hufuata."

Hapo kompyuta ikalia kengele,
na juu kidogo ya doa
maandishi yakatokea:
*Kasele Mihambo ameingia.*

Kasele tulimzika mwezi wa nne, Sikonge,
katika mvua za mwisho. Wasifu niliusoma mimi.
Aliacha mizinga sitini na miwili ya magome
na swali moja aliloliuliza kila mhadhara,
iwe nyota, iwe figo, iwe reli:
"Na sisi hilo linatuhusu vipi?"

Dokta ni mgeni, hakuambiwa.
"Karibu, Mzee Kasele, tumefika kwenye kucheza."

Kila mtu akatazama viatu vyake.
Kipaza sauti kule kilikuwa wazi:
mwiko ukigonga sufuria, kuku,
mtoto akifukuzwa, "Toka hapo, nasikiliza."
Tukamjua. Mama Limi, mjane.
Simu ni ileile. Jina hakulibadili,
au hakujua linabadilishwaje,
au alijua.

Mweka hazina akaninong'oneza, "Mzime."
Kitufe kilikuwa chini ya kidole changu.
Nikakiondoa kidole.

Dokta akaendelea, vitunguu vikichacharika nyuma yake.
Treni ikapiga honi, ikameza sentensi nzima ya halijoto.
Shija akaandika: *hatusikii huku.*
Bi Nyamizi akajibu kwa sauti, kana kwamba Mpanda ni jirani:
"Hata sisi!"

Wakati wa maswali, Kapela alitaka bei ya nta.
Kisha, kutoka shukani:
"Nauliza. Mizinga ya marehemu, mitatu imehamwa.
Mingine nyuki wamo.
Hao waliobaki, walikubaliana nini?"

Dokta akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
"Sijui, mama."
Miaka sita ya daftari hili,
hakuna mhadhiri aliyesema hivyo
bila kuongeza neno.

"Asan—" tukasikia, na bando likaisha.

Usiku nilinakili kwa kalamu ya wino.
Kushoto, ishirini na mmoja.
Kulia, saba. Mstari wa saba ukanikalisha
mpaka chai ikapoa.
Kanuni yetu, kifungu cha nne:
*huandikwa jina lililotokea.*
Nikaliandika.

Asubuhi mweka hazina akaja mbio na simu yake,
hakusema kitu, alinionyesha tu:
*Umepokea shilingi elfu tatu
kutoka kwa KASELE MIHAMBO.*
Ada. Mwezi wa tano, wa sita, na huu.