Upande wa Ndani

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, mlango wa kijani
usiofungika mpaka uusukume kwa goti:
hapo ndipo ninapobandika majina kwenye vifua vya watu.

Safari hii jezi ni thelathini
na jina ni la nchi.
Herufi nane. Nimezikata kwa wembe,
nikazilaza kifuani, nikazishushia pasi ya moto,
nikahesabu hadi kumi na tano,
na nchi ikashika.

Katibu wa klabu, Bwana Semkiwa, amekaa kwenye stuli
ananionyesha simu: basi jipya, viti vya kulala,
viatu bado vimo kwenye maboksi.
"Miaka saba, fundi, tunawalipa vijana sahani ya wali.
Sasa tuna mdhamini."
Akalitamka kama mtu anayeonja halua.

Mdhamini.
Neno hilo lilifika kwetu kabla halijafika Mkwakwani.
Lilikuja na mkataba wa Mwajabu, dada yangu.
Kwa lugha ya huko, kafili;
wakala akatutafsiria: ni mdhamini wake tu, msihofu.
Mdhamini akaiweka pasi yake ya kusafiria kabatini,
akaweka ufunguo mfukoni,
akaweka mshahara wa miezi tisa
pasipojulikana hadi leo.

Alirudi na begi la mgongoni
na mkono wa kulia usionyooka.
Hasimulii. Ukimuuliza,
anakuuliza chumvi iko wapi.

Sisemi jezi hizi ni haramu.
Namjua Sufiani, beki wa kushoto;
mama yake sasa analala mvua ikinyesha
bila kusogeza kitanda.
Nimwambie avue?
Mimi mwenyewe kodi ya fremu nimeilipa kwa noti hizo hizo,
mpya, zinagandana,
nikazihesabu mara mbili.

Nilichofanya ni kidogo, tena cha woga.
Jezi namba tisa niliigeuza,
na kwa ndani, nyuma ya jina la nchi,
nikatia mishono tisa ya uzi mweusi,
mwezi mmoja, mshono mmoja.
Uzi nikaukata kwa meno.

Jumapili watu walijaa hadi juu ya ukuta.
Dakika ya themanini na moja Sufiani akatoa pasi
(ipo na pasi ya namna hiyo, hutolewa bila kudaiwa)
na namba tisa akaupachika.
Akakimbilia jukwaani, akashika pindo,
akaivuta jezi mpaka ikamfunika uso,
kama wafanyavyo wakifunga.
Nchi ikageuka ndani nje.
Mishono yangu hiyo, juani,
mbele ya kamera, katibu, wageni wenye miwani
waliotengewa viti vya kitambaa.

Hakuna aliyeisoma.
Ningeweza kuwaonyesha kwa kidole,
lakini mikono yangu yote miwili ilikuwa juu,
na kinywa changu kilikuwa wazi
kinapiga kelele za bao.

Nyumbani Mwajabu alikuwa anapeta mchele.
"Mmeshinda?"
Tumeshinda.
"Na wachezaji wanalipwa?"
Wanalipwa.
"Mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi?"
Hata siku moja haipiti.

Akapuliza pumba, akatoa chenga moja,
akaitazama kwenye kiganja cha mkono ule mzima.
"Kumbe," akasema, "kulipa wanajua."