Chumba cha Tatu

Miaka kumi na tisa nimesimama hapa Idrija,
chumba cha tatu, kati ya dirisha na kabati la lesi,
na neno nililolitamka kuliko jina la mke wangu
ni hili: tafadhali, usiguse.

Macho hayana pazia,
lakini vidole viliwekewa kioo.
Kila jioni nilifuta alama zake
kwa siki na gazeti la jana.
Hamu ya watu naijua kwa kimo:
ya watoto huishia magotini pangu,
ya wajane hufika kifuani.

Februari, theluji ingali paani,
akaja Tjaša na furushi la makadibodi.
Tulimtarajia na skrini.
Mkurugenzi alishapima ukuta, mita tatu na nusu,
alishasema "dijitali" mara nyingi
hata neno likamlainikia mdomoni kama pipi.
Tjaša akaomba kiti.
Siku nne akakaa pembeni, akihesabu nyayo.
Kisha akaniuliza mimi, mlinzi:
"Jernej, watu wakichoka husimama wapi?"
Nikamwonyesha.
Sikuwahi kuulizwa kitu humu ndani
isipokuwa choo kiko wapi.

Skrini ya kwanza ilikuwa boksi la viatu,
vitufe vyake vya wino,
na nyuma yake Tjaša, amechuchumaa,
akibadili karatasi kila mgeni alipobonyeza.
Yeye ndiye kompyuta.
Mzee mmoja wa Trieste akabonyeza, akangoja,
boksi likapiga chafya.
"Mashine yenu," akasema, "ina mafua."

Ya pili iliwaka kweli.
Mikono ya kuchorwa ikasuka juu ya kioo,
laini, haina kosa, haina kucha.
Tukamwita Bi Pavla, miaka themanini na mitatu,
akaja na mto wake wa kusukia kwapani.
Akatazama mara mbili.
"Huyu hajawahi kusuka.
Mkono wa kushoto unangoja nini?
Na mbona bubu?"

Akakaa, akachomeka pini, akaanza.
Ta-ka, ta-ka, ta-ka, mti kwa mti.
Baba yake alikuwa chini akichimba zebaki,
mama yake juu akisuka,
na mlio huo ulikuwa sukari, ulikuwa viatu,
ulikuwa daktari alipokubali kuja.
Mkurugenzi akaangalia saa.
Tjaša akafungua kompyuta yake,
akafuta kazi ya wiki sita, pale pale, tukiona.

Ukuta ule leo hauna kitu.
Katikati ya chumba pana mto wa duara
na jozi nne za vijiti, nyaya zimefichwa tumboni.
Inua. Pitisha. Pindua.
Ukipatia, taa ndogo inawaka kabatini
juu ya lesi moja tu, ile iliyoanza na fundo hilo,
na sauti ya Bi Pavla inasema: "Haya, tena."
Ukikosea, unamsikia akikohoa.
Kikohozi hicho kilinaswa kwa bahati mbaya;
fundi wa sauti alitaka kukikata,
Tjaša akagoma.

Siyo kwamba mambo yamenyooka.
Jumatatu betri huzima, nabandika karatasi: samahani.
Alhamisi Bi Pavla huja kubishana na sauti yake mwenyewe.
Na ulimi wangu bado mzito:
juzi msichana alinyoosha mkono, nikasema "usi—"
nikaimeza nusu iliyobaki,
ikanikwama hadi saa ya chai.

Jioni nilichukua kitambaa nivifute vile vijiti.
"Acha," akasema Bi Pavla, akifunga kitambaa cha kichwa,
"mti unakula mafuta ya mikono."
Ni kweli. Vilikuja vyeupe kama mfupa.
Sasa pale kiunoni, vinaposhikwa,
vimeanza kuiva.