Kovu Halina Pacha

Saa saba usiku, Chang'ombe. Feni imekata kauli,
umeme umeondoka bila kuaga.
Simu ina asilimia kumi na tisa,
na ndani ya simu mfalme wa Roma
ananitazama upande, pua imelika.
Mnada unafungwa baada ya dakika arobaini.

Miaka thelathini na moja nilihesabu noti
dirishani, benki, Mtaa wa Samora.
Noti bandia sikuiona kwa macho:
kidole gumba kilishtuka kabla yangu
kama mtu aliyekanyaga mjusi gizani.
Leo gumba linasugua kioo,
na juu ya kioo kila mfalme ni laini.

Basi nasoma upya, uzeeni.
Natanua picha mpaka herufi zinapasuka.
Ukingoni, je, kuna mshono wa kalibu,
kama ule wa beseni la plastiki?
Shavuni, vitundu vya fedha iliyomiminwa
badala ya kugongwa?
Na ukoga huu, umelala mashimoni karne kwa karne
au umepakwa juzi kwa brashi?
Uzito wameandika, umetimia.
Hasmukh, sonara wa Kisutu, alishanicheka:
"Uzito, Bi Mwanaheri? Hata mwongo ana mizani."

Muuzaji anasema ni urithi wa babu.
Kila muuzaji ana babu,
na kila babu alikufa na kisanduku.
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,
lakini hapa vyote vimeketi
juu ya kitambaa kile kile cheusi.

Nafungua mauzo ya Machi.
Yumo.
Pua ile, na mkwaruzo ule chini ya sikio
unaoteremka hadi kwenye herufi A.
Bei nyingine. Babu mwingine.

Muhuri mmoja hupiga sarafu elfu, sawa,
ndugu hufanana.
Lakini kovu?
Langu liko chini ya goti,
la foleni ya sukari, themanini na tatu,
na hakuna mwanamke mjini hapa
mwenye kona yake.

Wawili wanapandishiana dau. Siwajui.
Nimemwandikia msimamizi, hajajibu.
Nyundo inaanguka bila sauti.

Droo yangu ina mmoja wa hao,
nilimnunua mwaka juzi
kwa pensheni ya miezi miwili.
Sijamtupa.
Kila nikitamani kubofya
namlaza kiganjani, gizani,
nalipitisha gumba polepole usoni pake.

Bado linashtuka.