Funguo Saba

Nilikuwa na funguo saba kiunoni,
zikilia kama njuga nikipita kati ya cherehani.
Kiwanda cha mashati, Baba Dogo,
paa la mabati, vumbi la pamba,
watu sitini na wawili,
na mimi ndimi niliyejua uzi uko wapi, mkasi uko wapi,
na kadi ya choo, moja tu, ya plastiki, yenye kamba,
nani kaenda nayo na kakaa dakika ngapi.

Nilihesabu. Niliandika daftarini:
Kwamboka, dakika tisa.
Siku hizo nilidhani hiyo ndiyo kazi.

Sindano ikivunjika, fundi huinua mkono,
hungoja.
Niko ghalani, hungoja.
Nimekwenda kunywa chai, hungoja,
mkono juu kama mtoto wa darasa la pili,
cherehani imenyamaza, saa inatembea.

Kisha akaja meneja mpya, Bi. Syokau,
mfupi, viatu vya raba, sauti ya chini.
Hakutuita mkutanoni. Aliniomba funguo.
Nikajua nimefutwa.
Akafungua ghala, akaacha mlango wazi.
Kadi ya choo akaikata kwa mkasi wa kitambaa
mbele ya wote, vipande viwili vikaanguka sakafuni,
na hakuna aliyepiga makofi.
Walinitazama uso kwanza.

Hilo bado linaniuma.

Wiki ya kwanza koni tatu za uzi zilipotea.
Nikasema moyoni: si nilijua?
Wiki ya pili zikarudi mbili. Hakuna aliyeuliza.

Wiki ya tano, usiku, oda ya mashati ya shule,
elfu nne, lori linanguruma langoni,
Kerubo wa kola akabonyeza kitufe chekundu.
Mkanda wote ukasimama.
Nilikimbia, ulimi umejaa matusi ya zamani.
Akanionyesha kola: upande mmoja umezidi
kwa upana wa punje ya mchele.
"Mtoto ataivaa hii mwaka mzima," akasema,
"na mama yake ndiye anayelipa."
Kiolezo kilikuwa kimepinda.
Nilikikata mimi, Jumatatu, kwa haraka,
bila kumwonyesha mtu.

"Ni mimi," nikasema.
Maneno mawili. Miaka kumi na minne
sikuwahi kuyatamka mle ndani.
Odera akaleta kadibodi, Kwamboka akashika rula,
na lori likaondoka saa kumi alfajiri
na mashati pungufu, yaliyonyooka.

Nisikudanganye: mshahara haujapanda hata shilingi.
Mwenye nyumba Korogocho hapokei madaraka badala ya kodi.
Kwamboka kamwambia mkurugenzi hivyo hivyo, machoni:
"Mmetupa kitufe, tupeni na nauli."
Zamani angeyasema chooni,
katika zile dakika zake tisa.

Daftari lingalipo. Kurasa za nyuma
sasa wanaandika wao:
mashine ya sita inavuja mafuta,
taa ya pembeni imekufa,
jaribuni mshono huu.
Miandiko ya watu niliowasimamia miaka yote
na sikuijua hata mmoja.

Mkono mtupu haulambwi, ndivyo nilivyofunzwa.
Siku hizi wanausalimu.
Lakini jioni, nikitembea kuelekea barabara kubwa,
huenda wenyewe kiunoni,
hupapasa,
hukuta mshipi tu.